Jiwe jekundu aliloliacha baba: ni rubi, ni spineli, au ni ganeti?

*Marehemu baba yetu alikuwa mchimbaji mdogo huko Mahenge kwa miaka mingi. Baada ya arobaini tulifungua sanduku lake, tukakuta jiwe jekundu linaloelekea rangi ya waridi, kubwa kiasi cha ncha ya kidole gumba, na upande mmoja limeshikana na kitu cheupe kama chumvi ya mawe. Tumelipima kwa sonara, likawa na gramu 7.4. Dalali wa kwanza alisema ni rubi na akaomba tumwachie akatutafutie mnunuzi. Wa pili alicheka, akasema ni spineli tu, yaani rubi ya bandia, lakini akataka kulichukua kwa bei ya kutupa. Wa tatu alitushauri tuligonge kwa nyundo au tulichome moto, maana jiwe halisi halivunjiki wala halibadiliki. Mama anaogopa tutadhulumiwa, kaka anataka tuliuze wiki hii. Tutajuaje ni jiwe gani, lina thamani gani, na je, tunaruhusiwa kuliuza?*

Poleni sana kwa msiba. Nimelisoma swali lenu mara mbili, na ninaona mna maswali matatu yaliyofungwa katika kitambaa kimoja: jiwe hili ni nini, thamani yake ni ipi, na njia halali ya kuliuza ni ipi. Madalali wenu wote watatu wametoa ushauri kabla hawajalijua jina la jiwe, na wawili kati yao wana maslahi katika jina watakalolitaja. Kabla sijaendelea naomba jambo moja. Msiligonge, msilichome, msilikwaruze kwa tupa wala kwenye kioo, na msimpe mtu yeyote akaondoka nalo pasipo mmoja wenu kuwa naye. Jiwe halichachi. Likikaa sandukuni miezi miwili zaidi halitapungua kitu, lakini likipasuka leo hakuna fundi atakayeliunga.

Nianze na nyundo, kwa sababu ushauri huo umeharibu mawe mengi mazuri. Neno ugumu, kwa watu wa madini, maana yake ni uwezo wa jiwe kukwaruza jingine bila lenyewe kukwaruzwa. Katika kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, ganeti huwa kati ya 6.5 na 7.5, spineli ni 8, rubi ni 9 na almasi ni 10. Kustahimili pigo ni jambo jingine kabisa. Almasi yenyewe, ambayo hakuna jiwe la asili linaloikwaruza, hupasuka ikigongwa kwa nyundo. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja alinifungulia leso yenye vipande saba vya spineli nyekundu iliyokuwa jiwe moja hadi asubuhi ya siku ile, baada ya kuambiwa maneno yale yale mliyoambiwa ninyi. Nilivipanga vipande vile mezani vikakaa sawasawa kila kimoja mahali pake, na nyufa mpya zilikuwa safi na zenye kung'aa, jambo linaloonyesha kwamba kabla ya pigo jiwe lilikuwa zima. Kipande kikubwa kuliko vyote kisingetoa hata karati mbili (karati 5 ni gramu moja) baada ya kukatwa. Mzee alikuwa na jiwe halisi, na kipimo chenyewe ndicho kilichomnyang'anya.

Moto nao haufundishi lolote. Ndani ya jiwe la asili mara nyingi mna chembe za madini mengine na vinyufa vidogo, na kila kimoja hutanuka kwa kiasi chake kinapopata joto la ghafla, kwa hiyo jiwe halisi linaweza kupasuka. Rubi iliyotengenezwa kiwandani, kwa kuwa ndani yake mara nyingi ni safi, inaweza kupita kwenye mwali wa kibiriti cha gesi ikatoka salama. Kipimo kinachoweza kulivunja la kweli na kulinusuru la kiwandani hakifai kuitwa kipimo.

Sasa niingie kwenye kauli ya dalali wa pili, kwamba spineli ni rubi ya bandia. Kauli hiyo si kweli, ingawa najua ilikotoka. Spineli ni madini kamili yenye asili yake na jina lake, yaliyojengwa kwa magnesi, alumini na oksijeni. Rubi imejengwa kwa alumini na oksijeni pekee. Kinachoyapa mawe haya mawili wekundu ni kitu kimoja: kromi kidogo iliyoingia mahali palipostahili kukaa alumini. Kromi hiyo humeza sehemu ya mwanga wa kijani na manjano na ule wa zambarau, ikaacha mwekundu upite, na zaidi ya hapo yenyewe huwaka wekundu inapopigwa na mwanga. Ndiyo maana spineli nzuri ya Mahenge huonekana kama ina kaa la moto ndani yake. Mawe haya hata huzaliwa pamoja, ndani ya miamba ya marumaru iliyopikwa na joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi, na mchimbaji wa Mahenge anaweza kuyatoa yote mawili katika eneo moja.

Kwa kufanana huko, watu waliyachanganya kwa karne nyingi. Jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, ambalo hadi leo linaitwa rubi ya Black Prince, ni spineli. Mwaka 1783 ndipo mtaalamu wa fuwele wa Ufaransa, Jean-Baptiste Louis Romé de l'Isle, alipoitenga spineli na rubi kuwa madini mawili tofauti. Baadaye, katika karne ya 20, viwanda vilianza kutengeneza spineli kwa wingi na kuitumia katika pete za bei rahisi kuigiza vito vya kila rangi, na jina la spineli likachafuka kwa sababu hiyo. Dalali wenu huenda amerithi dharau hiyo bila kujua chanzo chake. Lakini soko la vito limebadilika. Mwaka 2007, huko Ipanko karibu na Mahenge, zilichimbuliwa fuwele kubwa mno za spineli, mojawapo ikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 50. Sehemu kubwa ya fuwele hizo haikuwa safi ya kukatwa, lakini vipande safi vilivyopatikana ndani yake vilikatwa vikawa vito vya rangi ya waridi yenye moto ambayo wanunuzi wa dunia hawakuwa wameizoea, na tangu hapo jina la Mahenge hutajwa katika maduka ya vito ya mbali kama sifa ya jiwe lenyewe. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba jiwe la baba yenu ni spineli tu, neno la kutiliwa shaka katika sentensi hiyo ni hilo la tu.

Jiwe la tatu ambalo hakuna dalali aliyewatajia ni ganeti, nalo ni lazima liwe kwenye hesabu, kwa sababu mkoa wa Morogoro, ambako Mahenge ipo, una ganeti nyekundu na za rangi ya waridi kwa wingi. Wekundu wa ganeti za aina hiyo hutokana zaidi na chuma kuliko kromi, na chuma huuzima ule moto wa ndani niliousema. Iko pia glasi, ambayo wachimbaji huiita chupa, na yako mawe ya kiwandani, ambayo nitayarudia.

Je, kipi mnaweza kukifanya wenyewe nyumbani bila kulidhuru jiwe? Tazameni kwanza umbo lake, kama bado lina nyuso zake za asili. Spineli hupenda kuota kama piramidi mbili zilizounganishwa kwenye vitako, kila uso ukiwa wa pembe tatu, na wakati mwingine hukutwa kama pembetatu bapa. Ganeti huwa na nyuso nyingi zenye umbo la msambamba wa pande sawa, hata jiwe zima likakaribia kuwa la mviringo. Rubi huonyesha pembe sita, ama bapa kama kipande cha penseli kilichokatwa, ama kama pipa dogo. Jiwe lililoviringishwa na maji ya mto au lililovunjika halitawaambia kitu kwa umbo lake, na hapo msilazimishe.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote kwa mtu aliye nyumbani ni cha maji, na ningependa mkifanye kwa utulivu, mama akiwapo. Tafuteni mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Pimeni jiwe likiwa kavu, muandike namba. Kisha wekeni juu ya mizani bilauri ndogo yenye maji, mbonyeze kitufe cha kurudisha namba kwenye sifuri. Lifungeni jiwe kwa uzi mwembamba, mlitumbukize lote majini likiwa linaning'inia, lisiguse chini wala ukingoni, na mlitikise taratibu ili viputo vya hewa vilivyonasa vitoke. Namba itakayojitokeza ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanyeni uzito wa jiwe kavu kwa namba hiyo. Jiwe safi la gramu 7.20, kwa mfano, likiwa spineli litasukuma gramu 2.00 za maji, na jibu litakuwa 3.60, likiwa rubi litasukuma gramu 1.80 tu, na jibu litakuwa 4.00. Ganeti nyingi za rangi hiyo huangukia katikati, kwenye 3.8 na ushee, ingawa zipo zinazoteremka hadi kukaribia spineli na zinazopanda hadi kuifikia rubi. Kipimo hiki hakiharibu kitu, hakihitaji leseni ya mtu, na kinaweza kurudiwa mara tano hadi namba zikubaliane.

Jiwe lenu lina tatizo dogo katika kipimo hiki, nalo ni kile cheupe kilichoshikana nalo. Kwa maelezo yenu ninadhani ni marumaru, na marumaru ni nyepesi, kama 2.7 hivi kwa kipimo hicho hicho. Itaivuta namba chini. Tuseme katika gramu zenu 7.4 mna takriban gramu 0.4 za marumaru: spineli itasoma karibu na 3.54 na rubi karibu na 3.90, na bado mtaweza kuzitenganisha. Marumaru ikiwa nyingi zaidi, rubi inaweza kushuka hadi ikajifananisha na ganeti. Kwa sababu hiyo msitegemee kipimo kimoja. Nanyi tafadhali msiing'oe hiyo marumaru, wala msiliweke jiwe kwenye tindikali ili lionekane zuri. Kipande hicho cheupe kinachoonekana kama uchafu huenda ndicho shahidi bora mlio naye, kwa sababu kinaonyesha jiwe lilikuwa limeota ndani ya mwamba gani, na jiwe la kiwandani halina mwamba lilimotoka. Nasema huenda kwa kuwa nimewahi kuona kipande cha kiwandani kilichogandishwa na vumbi la mawe kwa gundi. Mtaalamu akikitazama mpaka huo kwa lenzi ataijua gundi mara moja.

Baada ya maji, tafuteni tochi ya UV, kama ile inayotumika kukagulia noti bandia. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, imulikeni juu ya jiwe. Spineli nyekundu au ya waridi kutoka kwenye marumaru huwaka wekundu mkali, kana kwamba imewashwa kwa ndani, na rubi ya marumaru hufanya vivyo hivyo. Ganeti hubaki imelala, nyeusi tu. Basi mkiunganisha vipimo viwili, picha huanza kujichora: jiwe linalowaka na lenye namba ya karibu na 3.6 linaelekea kuwa spineli, linalowaka na lenye karibu na 4.0 linaelekea kuwa rubi, na lisilowaka kabisa linaelekea kuwa ganeti au glasi.

Mkiwa na miwani ya jua yenye lenzi za polaroidi, zile zinazopunguza mng'ao, kipo kipimo kingine kizuri. Shikeni lenzi mbele ya jicho moja, tazameni jiwe likiwa limemulikwa kwa nyuma kwa mwanga mweupe, kisha izungusheni lenzi taratibu hadi robo mzunguko. Rubi huugawa mwale wa mwanga kuwa miwili yenye rangi tofauti kidogo, kwa hiyo mtaona wekundu unaoelekea zambarau ukigeuka kuwa wekundu unaoelekea machungwa. Spineli na ganeti haziugawi mwale, na rangi hubaki ile ile. Lirudieni jiwe kwa kuligeuza pande mbalimbali, maana hata rubi ina upande mmoja ambao haionyeshi mabadiliko hayo.

Hapa ninalazimika kuwa mkweli kwenu juu ya mpaka wa vipimo hivi. Vyote vinaeleza jiwe ni la jamii gani, na hakuna hata kimoja kinachoeleza kama limeota ardhini au limetoka kiwandani. Rubi ya kiwandani ina uzito ule ule, inawaka, tena wakati mwingine kwa ukali kuliko ya asili, na inagawa mwale vile vile, kwa kuwa kwa ujenzi wake ni rubi. Ufundi wa kuyeyusha unga wa oksidi ya alumini kwenye mwali wa moto na kuuotesha kuwa rubi ulitangazwa na Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902, na vipande vya mawe ya namna hiyo, vikiwa vimevunjwa na kusuguliwa vionekane kama vimetoka mtoni, huuzwa hata machimboni kwa watu wasiotarajia kukutana navyo huko. Chini ya lupu, ile lenzi ndogo ya sonara inayokuza mara 10, mawe hayo huonyesha mistari iliyopinda kama mifereji ya sahani ya santuri, na viputo vya hewa. Maumbile hayachori mistari iliyopinda ndani ya fuwele. Mistari yake ya ukuaji imenyooka na hukutana kwa pembe. Spineli ya asili nayo mara nyingi hubeba chembe ndogo sana zenye umbo la piramidi mbili, zimejipanga kwa safu kama alama za kidole. Lakini ziko njia nyingine za kiwandani zinazoota jiwe polepole na kuacha alama zinazofanana na za asili, na mbele ya hizo mimi mwenyewe siamini jicho langu bila maabara.

Kwa hiyo ndiyo, jiwe hili linahitaji kuonekana ana kwa ana na mtu asiyelinunua. Mnaweza kuanzia Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha, au Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, yenye maabara zake Dodoma. Mwulizeni mapema kwa simu mtaalamu atakayewahudumia kama wanapokea jiwe moja la vito ambalo halijakatwa, na gharama yake. Mtaalamu atalipima kwa refraktomita, chombo kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga, kama lina uso ulionyooka: spineli husoma namba moja, karibu na 1.718, na rubi husoma namba mbili, karibu na 1.762 na 1.770. Ombeni jibu la maandishi lenye uzito, vipimo na picha ya jiwe, mkae mkiliona linapimwa, na mlipime uzito tena kabla ya kuondoka. Jiwe likithibitika kuwa zuri sana, wanunuzi wakubwa huenda wakataka pia cheti cha maabara ya kimataifa, lakini hilo ni gharama ya baadaye, na mara nyingi huwa na maana zaidi kwa jiwe lililokwisha kukatwa.

Tuje kwenye thamani. Najua mngependa niwaandikie kiasi cha fedha, na sitafanya hivyo, kwa sababu namba yoyote nitakayoitoa bila kuliona jiwe itakuwa ama inawatia tamaa ama inamsaidia mtu kuwapunja. Ninachoweza ni kuwafundisha jinsi mnunuzi anavyofikiri. Gramu moja ni karati 5, basi gramu zenu 7.4 ni karati 37 za jiwe ghafi. Mnunuzi hanunui karati hizo 37. Ananunua kito atakachokikata ndani yake, na ukataji hupoteza sehemu kubwa, mara nyingi theluthi mbili au zaidi. Atalimulika jiwe kwa nyuma akitafuta nyufa, na moyoni atakuwa anachora mistari ya kukata. Kama ndani ni safi, huenda akaona kito kimoja cha karati 10. Kama kuna ufa unaopita katikati, ataona vito vitatu vya karati mbili mbili. Tofauti ya bei kati ya hali hizo mbili ni kubwa kuliko tofauti ya uzito, kwa maana bei ya kila karati hupanda kadiri kito kinavyokuwa kikubwa. Mawe mawili yenye uzito ule ule mezani yanaweza kutofautiana mara nyingi kwa bei, na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Rangi ndiyo inayotangulia yote. Wanunuzi wanatafuta rangi iliyojaa lakini isiyoingia giza, inayobaki hai jiwe linapotolewa juani na kuletwa kivulini. Litazameni lenu saa nne asubuhi karibu na dirisha, kisha usiku chini ya balbu ya manjano, muandike mlichokiona. Likionekana jeusi kivulini, bei yake itashuka hata kama ni kubwa. Baada ya rangi hufuata usafi wa ndani, kisha ukubwa, na jambo ambalo wauzaji wengi husahau: kama jiwe limetiwa dawa au moto. Rubi nyingi zilizo sokoni zimepashwa joto kali ili kuboresha rangi, na zipo zilizojazwa glasi kwenye nyufa. Spineli kwa kawaida huuzwa jinsi ilivyotoka ardhini, nayo hiyo ni moja ya sababu watu wameipenda.

Na ikiwa maabara itasema ni rubi, msishangilie kabla ya kuuliza ni rubi ya daraja gani. Rubi nzuri, safi na yenye rangi, kwa kawaida hupata bei kubwa kuliko spineli ya ubora ule ule. Lakini rubi nyingi zinazochimbwa hazipitishi mwanga, na spineli safi ya waridi yenye moto inaweza kuipita kwa mbali rubi iliyofifia. Ikiwa ni ganeti, tarajieni kiasi kidogo zaidi, ingawa ganeti safi na kubwa bado ni kito cha heshima. Jina peke yake halitoi bei, na ndiyo sababu dalali wa kwanza, aliyesema ni rubi kwa kutazama tu, naye hakuwasaidia.

Kuhusu sheria, msifiche kitu. Sheria ya Madini ya Tanzania, Sura ya 123, haimruhusu mtu kumiliki wala kuuza madini bila leseni au kibali kinachohusika, na familia iliyorithi jiwe inaweza kujikuta pabaya kwa kutojua tu. Jambo la kufanya ni kwenda ofisi ya Afisa Madini Mkazi, iliyo chini ya Tume ya Madini, mkaeleze kama mlivyonieleza: baba alikuwa mchimbaji, amefariki, na jiwe hili limekutwa katika mali zake. Tafuteni leseni yake ya uchimbaji mdogo, stakabadhi za mrabaha (malipo ya Serikali kwa madini yaliyouzwa), hata kitambulisho cha mgodi aliofanyia kazi. Karatasi yoyote inayoonyesha kwamba alichimba kihalali ina uzito. Afisa ndiye atakayewaeleza utaratibu wa jiwe lenu. Mauzo yenyewe yafanyikie kwenye soko la madini, mfumo ulioanzishwa mwaka 2019, ambako mthamini wa Serikali hulitazama jiwe na mauzo kuandikwa, na hapo hukatwa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mjue tu kwamba thamani anayoiandika mthamini ni ya kukokotolea tozo, na si dari ya bei. Mkipata mnunuzi anayetoa zaidi, hiyo ni haki yenu. Dalali yeyote atakayetaka kuwasaidia awaonyeshe leseni yake ya udalali kwanza, na asilimia yake iandikwe kabla ya mnunuzi kuja.

Jambo la kaka kutaka kuliuza wiki hii ni la mirathi kuliko la madini. Jiwe hili ni sehemu ya mali ya marehemu, sawa na shamba au nyumba, na anayeweza kuliuza kwa niaba ya wote ni msimamizi wa mirathi aliyependekezwa na kikao cha ukoo na kuthibitishwa na mahakama. Mweleze kwa upole kwamba barua hiyo ya mahakama itamlinda yeye mwenyewe pia, maana mnunuzi makini ataitaka, na asiyeitaka ana sababu ya kutoitaka.

Siku mtakayosafiri nalo, lifungeni peke yake katika karatasi laini iliyokunjwa mara kadhaa, ndani ya kikopo kidogo chenye pamba, lisichanganyike na pete, funguo wala mawe mengine, kwa kuwa rubi hukwaruza spineli na spineli hukwaruza ganeti. Lipigeni picha pande zote likiwa kando ya rula, mkiuonyesha vizuri ule upande mweupe, na muandike nyuma ya karatasi uzito mliousoma kwenye mizani na namba mliyoipata kwenye maji. Waende wawili, mama na mmoja wenu. Mkishaipata namba hiyo ya maji na jibu la ile tochi, niandikieni tena pamoja na picha, nami nitawaambia mtaalamu aulizwe nini.